FEDHA ILIYOMO NDANI YA SARAFU

Katika Kiswahili neno moja, fedha, lina maana mbili: madini meupe yafuliwayo vikuku na bangili, na pesa ambazo mtu hununulia unga dukani. Sababu yake ni kwamba zamani vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja. Siku hizi vimeachana kabisa, lakini wengi hawajui viliachana lini, na kwa kutojua huko hupata hasara. Mtu wa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, akifungua kasha la marehemu bibi yake na kukuta humo sarafu kuukuu, yampasa ajue ni zipi zenye fedha na ni zipi zisizo nayo, kabla hajazipeleka kwa mnunuzi.

Reale na Rupia

Katika karne ya 19 sarafu moja iliyojulikana sana pwani ilikuwa reale, yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika kila mafungu 6 ya uzito huo, mafungu 5 ni fedha safi. Fungu lililobaki ni madini mengine, hasa shaba, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno. Hivyo ndani ya reale moja mna gramu 23.4 za fedha. Wengi hudhani kwamba mwaka 1780 ulioandikwa juu yake ndio umri wake. Sivyo. Huo ndio mwaka aliofariki Malkia, na reale ziliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile muda mrefu baada yake.

Rupia ya Bara Hindi nayo ilienea pwani yote. Uzito wake ulikuwa gramu 11.66, yaani tola moja kamili, na mafungu 11 katika 12 yalikuwa fedha. Kwa hiyo rupia yenyewe iliweza kutumiwa kuwa jiwe la mizani ya sonara. Mwaka 1888 Kampani ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipigisha rupia zake huko Birmingham, zenye neno MOMBASA, na uzito wake ulikuwa sawa na ule wa rupia ya Hindi.

Jinsi Fedha Ilivyopunguzwa

Baada ya Vita Kuu ya 1914–1918 bei ya fedha ilipanda mno, hata Februari 1920 ikafika pensi 89 na nusu kwa wakia huko London. Fedha iliyomo ndani ya rupia ikawa na thamani kubwa kuliko pensi 16, iliyokuwa thamani ya rupia kabla ya vita. Jambo hilo likitokea, sarafu hutoweka, kwa maana watu huona faida kuiyeyusha kuliko kuitumia. Uingereza yenyewe ilipunguza fedha katika sarafu zake mwaka huo wa 1920, na mwaka 1947 ikaiondoa kabisa.

Afrika ya Mashariki ilifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1920 ilitolewa florini, yenye uzito wa rupia lakini nusu yake tu ikiwa fedha. Kisha ikaja shilingi, iliyoshika mahali pa florini tarehe 1 Januari 1922, shilingi mbili kwa florini moja. Robo tu ya uzito wa shilingi hiyo ilikuwa fedha. Tangu 1948 shilingi ilipigwa kwa shaba na nikeli tu. Hesabu yake ni hii:

Rupia 1: fedha gramu 10.7.
Florini 1 ya 1920: gramu 5.8.
Shilingi 2 za 1921 hadi 1946: gramu 3.9.
Shilingi 2 za 1948 na baadaye: hakuna.

Yafaa ikumbukwe kwamba rupia, florini na shilingi mbili zilihesabiwa kuwa sawa. Mwenye duka hakupima fedha iliyomo. Aliamini chapa ya serikali, kwani alijua naye atailipia kodi. Aliyezitumia sarafu hizo sokoni hakupoteza kitu. Tofauti ilimfikia yule aliyezificha. Kenya ilianza kutoa shilingi yake mwaka 1966, na zile za Afrika ya Mashariki hazipokelewi tena dukani. Shilingi 40 za 1946 bado zina fedha karibu gramu 78. Shilingi 40 za 1948, zenye simba yule yule, hazina hata chembe.

Mambo ya Kuangalia

Kwanza, usomwe mwaka wa sarafu. Sumaku peke yake haitoshi, kwa maana hainasi fedha, wala hainasi ile shilingi ya shaba na nikeli.

Pili, ipigwe hesabu kabla ya kuuza: uzito, mara kiasi cha fedha safi, mara bei ya gramu siku hiyo. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia ya gramu 31.1. Mnunuzi atatoa pungufu kidogo, kwani naye ataka faida. Lakini anayehesabu vipande tu bila kupima hafai kuuziwa.

Tatu, sarafu adimu, kama zile zenye neno MOMBASA, zisisuguliwe wala kuyeyushwa. Wakusanyaji huweza kuzinunua kwa bei inayopita ile ya fedha iliyomo.

Nne, anunuaye kikuku alipa vitu viwili, fedha na kazi ya sonara. Siku ya kuuza, mara nyingi hurudishiwa thamani ya fedha tu.

Tano, akiba yote isiwekwe katika fedha. Haizai, huweza kuibwa, na bei yake haitulii. Januari 1980 wakia moja ilikaribia dola 50 za Marekani. Tarehe 27 Machi mwaka huo huo ilikuwa imeshuka chini ya dola 11. Aliyelazimika kuuza siku hiyo ili alipe karo au matibabu hakuweza kungoja bei ipande tena. Basi pesa za mahitaji ya karibu ziwekwe benki au katika chama cha akiba, na fedha iwe ya mtu awezaye kungoja.