Gari-Nyumba Libaki Kambini

Wengi wanaokodi gari-nyumba kuzuru magofu ya jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani hudhani wataliegesha mlangoni pa kila gofu. Gari hilo ni kitanda, jiko na choo, na mahali pake ni kambini. Magofu yafuate kwa gari dogo, ama unalolikokota nyuma, ama la kukodi mjini.

Kwa Mesa Verde, Colorado, weka kambi Cortez. Tela au gari linalokokotwa haliruhusiwi kupita kambi ya Morefield, iliyo ndani ya hifadhi, na barabara ya Wetherill Mesa inakataza magari ya kuanzia futi 25, yaani mita 7.6. Kutoka langoni hadi Chapin Mesa ni zaidi ya kilomita 30 za kona na miinuko, kwa hiyo itengee siku nzima. Cliff Palace iliyo huko, jengo la vyumba kama 150 lililojificha chini ya jabali, huingii bila askari wa hifadhi, na tiketi hukatwa mapema mtandaoni. Kuna ngazi za kupanda. Anayeogopa urefu atazame kutoka juu. Uliyekosa tiketi, shika njia ya Petroglyph Point, takriban kilomita 4, yenye michoro iliyochongwa mwambani.

Hovenweep, mpakani mwa Utah na Colorado, ni kama saa moja kutoka Cortez. Mimi naipenda kuliko Mesa Verde. Watu ni wachache, minara ya mawe imesimama ukingoni mwa korongo, na unaizunguka kwa miguu, kilomita 3 hivi, kwa mwendo wako mwenyewe.

Chaco, New Mexico, ndiyo inayotaka maandalizi. Kambi iwe Aztec au Bloomfield. Ukiacha barabara kuu namba 550, kilomita 21 za mwisho hazina lami. Zina matuta ya kutikisa hadi vikombe kabatini, na mvua ikinyesha huwa tope lisilopitika. Huko hakuna petroli wala duka la chakula, basi jaza tangi na kikapu. Jumba la Pueblo Bonito lilianza kujengwa katikati ya karne ya 9 likafikia vyumba zaidi ya 600. Usiishie kutembea ndani yake. Nyuma ya gofu la Kin Kletso kuna njia inayopenya ufa wa jabali hadi juu. Kutoka hapo ndipo utakapoiona Pueblo Bonito yote ilivyopangwa, kama nusu duara. Chukua kwanza kibali cha njia hiyo, ni cha bure.

Chaco iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Mesa Verde imezidi hapo, hivyo aliyetoka pwani atahema. Beba maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku, uanze kupanda kabla ya saa nne asubuhi. Kuanzia Julai hadi Septemba ngurumo huja alasiri. Korongo kavu linaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, hivyo usiegeshe ndani yake hata kama mbingu ni nyeupe.

Kabla ya kuondoka kambini, kunja turubai la kivuli, maana upepo wa jangwa hulivunja. Vali ya tangi la choo iache imefungwa hadi tangi likaribie kujaa. Ukiiacha wazi, maji hutoka na uchafu unabaki chini ukiganda. Siku ya kumwaga, anza na tangi la choo, kisha la maji ya kuoshea, yasafishe mpira.

Huko magofuni, vigae vya vyungu utaviona vimetapakaa. Viache vilipo. Sheria ya 1979 inaadhibu wanaookota, na wazao wa waliovifinyanga, kama Wahopi na Wazuni, wapo hadi leo na huhesabu mahali hapa kuwa pao. Kuta usizikalie.

Ukiendelea hadi Canyon de Chelly, Arizona, katika eneo la Wanavajo, bondeni hushuki bila kiongozi wa Kinavajo. Mkipatana muda naye, uliza ni saa za wapi. Wakati wa kiangazi eneo la Wanavajo husogeza saa mbele, ilhali Arizona inayolizunguka haisogezi, na simu yako inaweza kubadilika mara kadhaa njiani.