Kabla Hujanunua Mche, Uliza Mama Yake na Baba Yake: Somo Nililolifuata Bustani ya Amani

 

Leo naanza na kijana mmoja mkulima wa mchikichi, jina lake naliacha. Miaka mitano iliyopita alipanda ekari mbili, miche 114. Alipalilia vizuri, akaweka mbolea, kiangazi akamwagilia kwa ndoo. Sasa miti imeanza kuzaa, akaniita nikaone. Tulikata matunda ya mti mmoja baada ya mwingine. Zaidi ya nusu ya shamba ni ganda nene na nyama kidogo, chikichi zile zile za asili za babu zetu. Miti mingine michache inatoa mikungu inayooza kabla ya kuiva.

Akaniuliza, "Bwana shamba, mbona mti uliotoa mbegu niliuona kwa macho yangu? Ulikuwa mzuri, ganda jembamba, mafuta mengi. Nimekosea wapi?"

Swali zuri, na jibu lake ndilo somo la leo. Ila naomba mnivumilie kidogo, maana jibu lenyewe nimelielewa vizuri zaidi baada ya kusafiri hadi Amani, mkoani Tanga, kutembelea bustani ya mimea.

Bustani ya mimea siyo bustani ya maua

Watu wengi wakisikia "bustani ya mimea" wanafikiria sehemu ya kupiga picha za harusi. Hapana. Bustani hizi zilianzishwa kwa kazi ya kilimo na biashara. Waingereza walianzisha ya kisiwa cha Saint Vincent, huko Karibi, mwaka 1765. Mwaka 1793 nahodha William Bligh alishusha pale miche ya mshelisheli kutoka Tahiti, ili wenye mashamba ya miwa wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Kwa hiyo historia yake siyo ya kupendeza yote. Lakini angalia utaratibu: mmea unaletwa, unapandwa sehemu moja, unachunguzwa, unazalishwa, ndipo unagawiwa mashambani.

Wajerumani walifanya vivyo hivyo Amani mwaka 1902. Kutoka Muheza unapanda milima ya Usambara Mashariki kwa barabara ya vumbi na kona nyingi hadi kwenye mita kama 900 juu ya usawa wa bahari. Walileta mamia ya aina za miti na mazao kutoka duniani kote, ukiwemo mkwinini, ambao magome yake yalitoa dawa ya malaria. Mmea ulipandwa kwa mpangilio na kuandikiwa umetoka wapi. Leo eneo hilo liko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani.

Nilipofika nilitaka kuangalia miti mikubwa tu. Kilichonishika ni yale maandishi. Pale mti una kumbukumbu: jina lake, asili yake, umeletwa lini. Nikajiuliza, kule kwetu ni mkulima gani anayejua hayo kuhusu mche wake?

Somo la kwanza: kisamvu cha mpira kilivyosaidia muhogo

Mnaufahamu ule mti wa mpira ambao majani yake tunapika kisamvu? Ni ndugu wa muhogo, asili yake Brazil. Wajerumani waliulima kwa ajili ya utomvu wa kutengenezea mpira, lakini bei ilianguka mwaka 1913 na biashara ikafa. Miti ikabaki imesimama, haina kazi.

Miaka ya 1930, wakati wa Waingereza, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aitwaye H. H. Storey alikuwa kituoni Amani akihangaika na magonjwa mawili ya muhogo: batobato na michirizi ya kahawia. Huo wa pili yeye ndiye aliyeuelezea kwa mara ya kwanza kitaalamu, mwaka 1936, hapa hapa Tanganyika. Yeye na mwenzake R. F. W. Nichols waliona kwamba ule mpira una ukinzani. Wakaupandisha na muhogo. Watoto wa kwanza mizizi yao haikufaa kuliwa, kwa hiyo wakawarudisha kwa muhogo tena na tena, kila kizazi wakichagua wanaostahimili ugonjwa. Kazi ile iliendelea Amani hadi mwaka 1957.

Mbegu za ukoo ule zilipelekwa Nigeria, na huko zikawa wazazi wa aina nyingi za muhogo zinazokinzana na batobato. Na ule muhogo unaoitwa Namikonga, ambao watu wa kusini mwa nchi yetu wanaujua kwa kustahimili michirizi ya kahawia, asili yake ni chotara wa Amani.

Sasa tafakari. Mti ulioonekana hauna kazi ndio uliobeba dawa. Kama usingetunzwa, na kama kila kizazi kisingeandikwa mama ni nani na baba ni nani, wasingejua wamefika wapi. Wewe unayelima muhogo Mahembe au Kalinzi unafaidi kazi ya watu walioandika daftari karibu miaka 90 iliyopita.

Somo la pili: mchikichi nao ulipita bustanini

Huku Kigoma kuna hadithi kila mtu anaijua: Wamalaysia walikuja kuchukua mbegu kwetu, wakatajirika, sisi tukabaki tunaagiza mafuta. Nitawaambia ukweli ninaoujua.

Mwaka 1848 miche minne ya mchikichi, asili yake Afrika, ilipandwa kwenye bustani ya mimea ya Bogor, kisiwa cha Java, Indonesia. Minne tu! Watoto wake walipelekwa Deli, Sumatra, na kutoka hapo ukaja ukoo unaoitwa Dura ya Deli, ambao umekuwa mama wa miche mingi sana ya Indonesia na Malaysia. Watafiti wa Malaysia walikuja kukusanya mbegu Tanzania, kweli, lakini ilikuwa mwaka 1986, wakati mashamba yao makubwa tayari yapo.

Na upande wa baba? Hapa ni ng'ambo ya ziwa letu, Kongo. Kwenye bustani ya mimea ya Eala, karibu na Mbandaka, iliyoanzishwa mwaka 1900, palikuwa na mchikichi mmoja wenye ganda jembamba uliopewa jina Djongo. Mbegu zake zilipandwa kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi, karibu na Kisangani. Watafiti wa pale, Beirnaert na Vanderweyen, ndio waliotegua kitendawili mwaka 1941. Kitendawili chenyewe ndicho kilichompiga kijana wetu.

Mchikichi una aina tatu kwa unene wa ganda:

1. Dura: ganda nene, nyama kidogo. Hii ndiyo ya asili, imejaa Kigoma.
2. Pisifera: haina ganda, lakini mikungu yake mara nyingi huoza bila kukomaa. Kama shamba la biashara haifai.
3. Tenera: ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Hii ndiyo tunayoitaka.

Siri ni hii: tenera siyo kabila linalojizaa lenyewe. Tenera ni chotara. Ukipandisha dura na pisifera, watoto wote ni tenera. Lakini ukiokota mbegu chini ya tenera, inategemea chavua ilitoka wapi. Kama ilitoka kwa dura ya jirani, nusu ya watoto ni dura na nusu tenera. Kama ilitoka kwa tenera mwingine, katika kila miche 100 tarajia kama 25 dura, 50 tenera na 25 pisifera.

Kwa hiyo kijana wetu hakudanganywa na macho. Mama alikuwa mzuri kweli. Hakuuliza habari za baba. Chavua hupeperushwa na upepo na kubebwa na wadudu, na majirani wote pale wana dura.

Ona uzito wake: mchikichi unazaa kuanzia mwaka wa tatu hivi na unakaa shambani miaka 25. Muhogo ukikosea unang'oa mwakani. Mchikichi ukikosea, kosa linakua pamoja na watoto wako.

Jipime mwenyewe: chukua kisu

Chukua tunda lililoiva, likate katikati kwa upana. Ukikuta ganda nene na hakuna duara la nyuzi nyeusi kulizunguka, hiyo ni dura. Ukikuta ganda jembamba na nyuzi nyeusi zimelizunguka kama pete ndani ya nyama, hiyo ni tenera. Ukikuta hakuna ganda kabisa, ni pisifera. Kipimo hiki kinakuonyesha mti ulivyo. Hakikuambii watoto wake watakuwaje.

Somo la tatu: mgeni siyo kila mara ni rafiki

Amani ina onyo pia. Kuna mti unaitwa musizi, Maesopsis eminii. Ulipandwa pale kama mti wa mbao unaokua haraka. Ndege wanapenda matunda yake, wakazisambaza mbegu, na mti ukavamia msitu wa asili. Hadi leo ni tatizo la uhifadhi Usambara Mashariki.

Ndiyo maana nasema, ukitembelea bustani yoyote usitie mfukoni kipande, mbegu wala chipukizi. Kwanza ni hifadhi, ni kosa. Pili, unaweza kubeba ugonjwa. Batobato na michirizi ya kahawia husafiri ndani ya pingili, na mnyauko wa migomba husafiri na machipukizi. Mimea ikitoka nje ya nchi, hata kwa boti ya kutoka ng'ambo ya ziwa, lazima ipite kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA).

Na jambo lingine: usilete tamaa ya kila ulichokiona. Amani mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka na kiangazi chake siyo kikali. Kwetu tunapata kama 1,000, na kuanzia Juni hadi Septemba ni ukame. Mti unaostawi kule bila shida, hapa unaweza kukudai pampu.

Ukienda, nenda kama mkulima

- Beba daftari. Kila mti unaokuvutia andika jina, asili na mwaka ulipopandwa kama upo.
- Muulize mwongoza wageni: ulikotoka, mvua ni kiasi gani? Kuna ugonjwa gani unaousumbua? Unaenea wenyewe?
- Angalia nafasi. Mti mkubwa unakufundisha kivuli chake kitafika wapi baada ya miaka 20. Ukiuona hivyo utaelewa kwa nini nasisitiza mita 9 kwa pembetatu kwenye mchikichi, yaani miche 143 kwa hekta, au kama 57 kwa ekari.

Najua Amani ni mbali, unakatiza nchi nzima. Ukipata safari ya Dar es Salaam, ingia Bustani ya Mimea iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa. Ilianzishwa mwaka 1893. Na iliyo karibu kuliko zote kwa mkulima wa mchikichi ni kituo cha TARI Kihinga, hapa hapa Kigoma. Pale siyo bustani ya watalii, lakini kazi ni ile ile: wazazi wanajulikana, na mche wa tenera unazalishwa kwa kupandisha dura na pisifera kwa makusudi.

Kazi ya nyumbani

Kwanza, kabla hujalipia mche wowote, muulize muuzaji: mama ni nani, baba ni nani, na karatasi iko wapi? Akikuonyesha mti mzuri tu badala ya karatasi, mshukuru, uondoke. Ukiwa na mashaka, njoo ofisini au uliza Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu (TOSCI).

Pili, anza daftari la shamba lako. Chora ramani, ipe kila mstari namba, andika miche ilitoka wapi na tarehe ya kupanda. Kibao cha bati na rangi kidogo kinatosha. Kesho mstari mmoja ukifanya vizuri kuliko mwingine, utajua kwa nini.

Yule kijana tumekaa naye. Tumetia alama ya rangi kwenye kila tenera, hizo zinabaki. Zile zinazooza mikungu anaziondoa msimu huu na kupanda miche yenye karatasi. Dura ataziondoa kidogo kidogo, huku akiendelea kuuza mawese na mise zake ili asikose kabisa. Inauma, lakini safari hii amenunua daftari kabla ya kununua miche.

Tukutane shambani.