Ukimkaribisha Kristo Moyoni: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Kiangazi kikifika, mikutano ya injili hujaa viwanjani kuanzia Dodoma mjini hadi Kongwa na Mpwapwa, na wengi hupita mbele kuongozwa sala ya toba. Ni jambo jema. Lakini Kristo haji moyoni kama mgeni wa siku moja, anakuja kumiliki. Wewe uliyenyoosha mkono, shika haya.

FANYA

1. Kubali kwamba hodi inabishwa kwako. Ufunuo 3:20, andiko linalotumiwa sana kuwaita wasioamini, liliandikiwa kanisa la Laodikia, watu waliokwisha kuamini. Mzee wa kanisa, mwanakwaya, mchungaji: hata ninyi mnaweza kuwa mmemwacha Bwana nje.

2. Rudisha kisicho chako. Siku Yesu alipoingia nyumbani mwa Zakayo, mtoza ushuru yule aliahidi kulipa mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Kama unanunua mahindi Kibaigwa kwa lumbesa, gunia limevishwa kilemba hadi halifungiki, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja, huo ni wizi. Mtafute mkulima yule, umlipe. Sadaka nono ya Jumapili haifuti deni hilo.

3. Patana na uliyemkosea. Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, alifundisha hapa Dodoma katika shule ya Alliance, ambayo baadaye iliitwa Mazengo na leo eneo lake ni la Chuo Kikuu cha St. John's. Alipookoka, kabla ya kuja huku, alipanda baiskeli akaenda mbali kumwomba radhi mmishonari Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Mwaka 1977, akiwa askofu, alilazimika kuikimbia nchi yake baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na bado akatangaza kwamba amemsamehe Amin. Wewe humsalimii ndugu yako kwa ugomvi wa mpaka wa shamba?

4. Jaza nafasi iliyofagiliwa. Mathayo 12 inaonya kuhusu nyumba iliyosafishwa ikaachwa tupu: pepo aliyetoka hurudi na wenzake saba. Kuacha pombe tu hakutoshi. Soma Neno kila siku, omba, na uwe na ushirika wa ndugu watakaokuuliza maswali magumu. Katika Yohana 14:23 Yesu anasema wazi kwamba yeye na Baba hufanya makao kwa mtu anayelishika neno lake.

USIFANYE

1. Usibaki na hirizi. Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, na mvua ikikatika uwele ungali mchanga, hofu ya njaa ni ya kweli. Hata hivyo, usiende kanisani asubuhi na kwa mganga usiku. Itoe hirizi kiunoni, itoe na shambani.

2. Usinunue uwepo wa Mungu. Simoni mchawi alitaka kununua kwa fedha uwezo wa kuwapa watu Roho, naye Petro akamkemea vikali (Matendo 8). Anayekuuzia chupa ya mafuta kwa ahadi kwamba Roho atakushukia anakuibia. Usimpe hata senti.

3. Usifungie eneo lolote. Usimpe Bwana Jumapili ukamnyima simu yako, mshahara wako na kitanda chako. Mume anayesifu madhabahuni na kumpiga mkewe nyumbani hajamkaribisha mtu.

4. Usipime kwa msisimko. Kulia, kutetemeka na kuruka si ushahidi. Jirani zako, wafanyakazi wako na wanao ndio watakaosema kama Kristo anakaa kwako.

5. Mhubiri, usihesabu mikono ukaiita mavuno. Usikunje turubai na kuwaacha waliookoka bila mchungaji, bila mafundisho, bila mtu wa kuwatembelea. Uliyemzaa, mlee.

Kristo hakai moyoni mwa mtu asiyetaka kutawaliwa. Kama kuna deni, lipa leo. Kama kuna ugomvi, nenda leo. Kama kuna hirizi, ichome leo. Kisha piga magoti umwambie Bwana aingie, nawe umpishe atawale.