Kabla ya Kununua Pikapu Iliyotumika: Anzeni na Namba ya Chasisi

Ndugu wananchi wa Namoto, Kionga na Palma, pamoja na majirani zetu wa Kilambo na Mtwara,

Katika ukanda wetu pikapu ndiyo inayobeba samaki, saruji, wanafunzi na wagonjwa. Kwa mtu aliyeweka akiba miaka mingi, huenda ikawa mali yenye thamani kuliko nyumba anayolala. Kwa hiyo tumeona vyema somo la toleo hili lihusu ukaguzi wa pikapu iliyotumika kabla ya fedha kutoka mfukoni. Wanunuzi wengi huja na fundi, huwasha injini, hutazama matairi, kisha hupatana bei. Si kosa, ila halitoshi. Injini mbovu hutengenezwa. Gari la wizi halina fundi: likitambuliwa hurudi kwa mwenyewe, na mnunuzi hubaki hana gari wala fedha, tena ana maelezo ya kutoa kituoni.

Mvuvi mmoja alifika kwetu kuuliza tu taratibu za kuvusha gari lake Mto Ruvuma. Alikuwa amelinunua kwa bei nafuu mno, kwa fedha taslimu, kutoka kwa mtu aliyemfahamu kwa jina la utani. Muuzaji alimhimiza kwamba maji yanajaa na kivuko hakimsubiri mtu. Tulipofuta tope kwenye chasisi tuliona rangi mpya yenye upana wa kiganja, na chini yake tarakimu mbili zilizolala upande. Gari lilizuiwa. Alituuliza ingekuwaje kama asingekuja. Tulimjibu kwa ukweli kwamba lingekamatwa kwenye kizuizi kingine, pengine likiwa na shehena na abiria juu yake.

Katika Toyota Hilux nyingi namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma kirefu cha chini, upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Ipo pia kwenye kibati ndani ya boneti. Futeni tope, tazameni kwa tochi. Tarakimu ziwe na kina kimoja na mstari mmoja. Chuma kisiwe na mikwaruzo ya msasa wala alama za kuchomelea. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi: herufi na tarakimu za aina ya gari, kistari, kisha tarakimu za mfululizo. Mengine huwa na alama 17, na kati yake hamna herufi I, O wala Q. Mkiziona humo, simamisheni mazungumzo. Namba ya Hilux inayoanza na LN ni ya gari la dizeli. Mkikuta injini ya petroli, muulizeni muuzaji ilitoka wapi na hati yake iko wapi. Kubadilisha injini si uhalifu, lakini hubakiza karatasi.

Tazameni pia vioo na taa. Wamiliki wengi huchora humo namba ya usajili ili visiibwe. Namba ya kioo ikitofautiana na ya kibao, lazima pawe na maelezo. Kitambaa kilichoshonwa kwenye mkanda wa kiti huonyesha mwaka ulipotengenezwa. Mkanda uliotengenezwa baada ya mwaka wa gari ulioandikwa kwenye hati unataka jibu.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Pikapu nyingi huibwa Afrika Kusini na kuingizwa Msumbiji, na nyingine husafirishwa mbali zaidi. Lakini iko sababu ya karibu zaidi, nayo ni nzito kuisema. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, watu walikimbia kwa miguu na kwa mashua, wakaacha magari uani na barabarani. Gari linalouzwa rahisi leo bila karatasi huenda ni la jirani yenu ambaye bado yupo ukimbizini. Anayesema “karatasi zilipotea vitani” huenda ni mkweli, kwani wengi walipoteza kila kitu. Mkweli huyo atakubali kufuatana nanyi hadi ofisi ya usajili akaombe nakala kabla ya kuuza. Asiyekubali amejibu.

Gari la Msumbiji liwe na livrete na hati ya umiliki, na jina lililomo liwe la mtu anayesimama mbele yenu au aliyempa uwakilishi wa maandishi. La Tanzania liwe na kadi ya TRA. Gari lililovuka kwa kibali cha muda halijalipiwa ushuru, na haliwezi kuuzwa ng'ambo ya pili mpaka forodha imalize kazi yake. Hapa ndipo ndugu wa kando mbili za mto hukosana, kwa kuwa huuziana kwa kuaminiana tu.

Baada ya hapo mwiteni fundi. Injini iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hamjafika ana sababu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yasiyoungua yote. Moshi mweupe usiokoma injini ikishapata moto, huku radieta ikipungua maji, ni ishara ya gasketi kufa. Kwetu pwani adui mkubwa ni chumvi: gongeni chasisi kwa nyundo ndogo, hasa nyuma penye springi, kwani rangi nyeusi mpya huficha kutu iliyokwisha kula chuma. Fundi afungue oili ya difu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, nalo ni jambo la kawaida kwa gari lililozoea kupita mabondeni masika.

Kabla ya kulipa, wekeni karatasi nyembamba juu ya namba ya chasisi, sugueni kwa penseli mpaka tarakimu zitokee, kisha mtuletee karatasi hiyo pamoja na nakala za hati. Tutazilinganisha, na tukiwa na shaka tutaomba taarifa kwa wenzetu. Tanzania na Msumbiji zote ni wanachama wa SARPCCO, ushirika wa wakuu wa polisi wa kusini mwa Afrika ulioanzishwa 1995, na pia wa Interpol, yenye daftari la magari yaliyoibwa duniani. Majibu huweza kuchukua siku kadhaa. Muuzaji na asubiri. Afisa akidai fedha bila kutoa risiti, chukueni jina lake na mumfikishe kwa mkuu wa kituo.

Mapatano ya mauziano yaandikwe mbele ya mthibitishaji au wakili, yakitaja namba ya chasisi kamili, bei, na kitambulisho cha kila upande. Fedha zilipwe siku hiyo hiyo, mezani hapo hapo, si ukingoni mwa mto.