Ngozi Nyembamba Inayolinda Yai la Kaa

Wengi wetu tukisikia neno kaa twafikiria Mombasa. Kumbe hata vijito vya hapa Kericho, chini ya mashamba ya majani chai, vina kaa wa maji baridi! Hebu tuone yai lake linavyolindwa.

Kwanza, yai la kaa halina gamba gumu kama la kuku. Limezungukwa na tando nyembamba. Utando wa nje hunata yai litagwapo, kisha hukakamaa na kufanya kikonyo kama cha tunda. Kwa kikonyo hicho yai huning'inia kwenye vinyweleo vya vijiguu vilivyo chini ya mkia wa mama. Mkia huo mpana umekunjwa chini ya kifua kama mfuko.

Pili, mnakumbuka somo la osmosisi? Maji ya mto yana chumvi kidogo kuliko yaliyo ndani ya yai. Bila kizuizi maji yangeingia ovyo, yai livimbe, na chumvi yake itoke. Utando huzuia hayo, lakini huiachia oksijeni ipite. Mama naye hupunga vijiguu vyake ili mayai yapate maji safi.

Tatu, kaa wa mikokoni kule pwani hutaga mayai madogo zaidi ya milioni moja, na watoto wake huelea baharini bila kufanana na mama. Kaa wetu hutaga machache tu, makubwa, na mtoto hukaa ndani mpaka awe kaa kamili. Kwa hivyo kupoteza mayai ya mama mmoja tu ni hasara kubwa.

Hapa ndipo nina neno, wenzangu. Nimeona vijana wakiwachokoa kaa chini ya mawe kwa mchezo tu, na watu wazima wakioshea pampu za dawa mtoni. Utando hauwezi kuzuia kila sumu. Tope nalo likifunika mayai, oksijeni haipiti. Ukishika kaa, mgeuze polepole: mkia mwembamba ni dume, mpana ni jike. Akiwa na mayai, mrudishe papo hapo chini ya jiwe lake. Tena maji ya Chemosit hufika Ziwa Viktoria kupitia mto Sondu, kwa hivyo tukimwagacho hapa chawafikia wengine.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kaa hawezi kutusimulia wake, lakini sasa sisi twaujua.