Umeme wa chumba cha seva: anza na waya wa ardhi

Katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, anayefungua ofisi yenye seva hukimbilia kununua UPS, maana umeme wa SNEL hukatika bila kuaga. Si vibaya. Lakini UPS huzuia seva isizimike tu. Haimkingi mtu na mshtuko, wala haitoshi peke yake kuzuia radi. Kinga hiyo hutoka kwenye nyaya, na kazi yake hufuata mpangilio huu.

1. Hakikisha ardhi ipo. Kijiti kinachochomoza ndani ya soketi zetu ndicho cha waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, lakini kukiona hakuthibitishi kwamba nyuma yake pana waya. Mwambie fundi apime, na apime Septemba, udongo ukiwa mkavu kabisa. Kipimo cha Februari, katikati ya mvua, kitakupa moyo bure. Kanuni za Ubelgiji hulenga upinzani usiozidi ohmu 30. Lengo hilo linafaa hapa pia. Ukizidi, ongeza vijiti vya shaba. Usikubali seva zichimbiwe ardhi yao ya pekee iliyotengwa na ile ya jengo: radi ikipiga karibu, tofauti ya volti kati ya ardhi hizo mbili hupitia kwenye vifaa vyako. Adapta za miguu miwili zitupe. Zinakata ardhi yote uliyoigharamia.

2. Gawanya saketi. Kila pawasaplai ya kompyuta huvujisha umeme kidogo kwenda ardhini, na kiwango kinachoruhusiwa kwa kawaida hufika miliampea 3.5. Diferansieli, yaani breka inayojikata umeme ukivuja, ikiwa ya miliampea 30 inaweza kujikata kuanzia 15. Kwa hiyo vifaa vitano kwenye diferansieli moja vinaweza kuiangusha bila hitilafu yoyote. Hapo ndipo baadhi ya mafundi huing'oa, na chumba kubaki bila mlinzi. Dawa ni kuwa na saketi kadhaa, kila moja na diferansieli yake na pawasaplai tatu au nne. Seva yenye pawasaplai mbili ihesabu kuwa vifaa viwili, kisha uzichomeke kwenye saketi tofauti.

3. Waya ulingane na mzigo. Saketi ya waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 ipewe breka ya ampea 16, na mzigo wa kudumu usivuke asilimia 80: yaani ampea 12.8, karibu wati 2,800 kwa volti 220. Soketi zifungwe ukutani. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Kama jengo lina fezi tatu, nyutro isiwe nyembamba kuliko fezi, kwa sababu sehemu ya mkondo wa kompyuta hujumlika kwenye nyutro badala ya kufutana.

4. Jenereta ipitie swichi ya kubadilishia. Iwe swichi isiyoweza kuunganisha SNEL na jenereta kwa wakati mmoja. Kuingiza umeme kupitia soketi ya ukutani kunaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaunganishwa na ardhi. Kwa hali hiyo diferansieli haitauona uvujaji. Fundi alishughulikie hilo kabla ya kuwasha seva.

5. Kinga ya radi iwe karibu. Ikae kwenye kisanduku kikuu cha breka, na nyaya zinazoiunganisha zisizidi nusu mita kwa jumla. Nyaya ndefu huidhoofisha.

6. Jaribu kabla ya kupokea kazi. Bonyeza kitufe cha majaribio cha kila diferansieli. Zima SNEL, washa jenereta, fundi apime diferansieli tena kwa kifaa chake. Andika kwenye kila breka inachokilisha. Malipo ya mwisho ya fundi yasubiri majaribio haya yapite yote.