FEDHA ZILIZOPUNGUA NJIANI: SOMO KUHUSU ADA ZA MKOPO WA NYUMBA

  



Tulipokuwa tukisomesha mlango wa madeni, mwanafunzi wetu mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Ustadh, baba alikubaliwa mkopo wa milioni 30. Mbona zilizofika ni milioni 28 na laki 3? Nyingine zilikwenda wapi?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu swali hilo liliwahi kuitia nyumba nzima katika shida. Kwa idhini ya mzazi huyo, bila kumtaja jina wala kuitaja benki, tunalifanya kuwa somo la mwaka huu.

1. HESABU ILIVYOKUWA

Mzee wetu, mkazi wa hapa Kamuli, alipatana kununua nyumba yenye hati huko Kayanga kwa shilingi 40,000,000. Alikuwa na 10,000,000 za kwake, na kati ya hizo alimtangulizia muuzaji 2,000,000 kama arubuni. Walikubaliana kwamba siku ya malipo ikipita, arubuni hairudi. Benki ikamkubalia 30,000,000. Akaona hesabu imetimia. Kumbe kabla fedha hazijatoka, mkopeshaji alikata haya:

- Ada ya kushughulikia mkopo, asilimia 2: 600,000
- Bima ya mkopo, asilimia 1.2: 360,000
- Mthamini wa nyumba: 300,000
- Mwanasheria na usajili wa rehani: 440,000

Jumla ni 1,700,000. Zilizotoka ni 28,300,000. Ukijumlisha na zake 10,000,000 unapata 38,300,000, na muuzaji anadai 40,000,000. Zikabaki siku chache tu.

2. MAMBO MAWILI YA KUZINGATIA

Kwanza, deni halikupungua. Mkononi zilifika 28,300,000, lakini deni lililoandikwa ni 30,000,000, na riba inahesabiwa juu ya hizo 30,000,000. Tuchukue mfano wa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Kwa deni lote ni 4,500,000. Ukizigawa kwa fedha alizozipokea hasa, inakuwa karibu asilimia 15.9. Basi ada inaufanya mkopo uwe ghali kuliko unavyotangazwa.

Pili, mtu anaweza kusema, "Angeomba 31,700,000 kufidia." Hapana, bado hazitoshi. Ada za asilimia hukua pamoja na mkopo. Asilimia 3.2 ya 31,700,000 ni 1,014,400. Ongeza gharama zisizobadilika 740,000, makato yanakuwa 1,754,400, na zitatoka 29,945,600. Zimepungua 54,400. Hesabu sahihi ni kujumlisha 30,000,000 na 740,000, kisha kugawa kwa 0.968. Jibu ni karibu 31,756,200. Tena benki huweka kikomo kwa kuangalia thamani ya nyumba, hivyo nyongeza yenyewe huenda ikakataliwa.

3. SHIDA ILIPOINGIA

Kwa kuogopa kupoteza arubuni, mzee aliuza kahawa yake kwa butura, yaani ikiwa bado mbichi mitini, kwa bei ya kutupa. Nyumba aliipata. Lakini msimu ulipofika, mama na watoto waliitazama kahawa waliyoipalilia wenyewe ikivunwa na mtu mwingine. Wana-Kagera tunaijua butura na maumivu yake, na Serikali imekuwa ikiikataza. Mtume (s.a.w.) naye alikataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kukomaa kwake, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Tazameni jinsi ada isiyoulizwa ilivyomvuta muumini kutoka kosa moja hadi jingine.

4. SHERIA INASEMAJE?

Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharamisha riba (2:275). Katika Hadithi ya Jabir iliyomo katika Sahih Muslim, waliolaaniwa ni mlaji wa riba, mwenye kuilipa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Kwa hiyo kujua hesabu za mkopo wa riba hakuuhalalishi.

Je, ada nayo ni riba? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa Amman mwaka 1986, lilieleza kuwa mkopeshaji anaweza kudai gharama halisi ya huduma, na kinachozidi hapo ni riba. Malipo ya mthamini aliyefika na kupima nyumba ni gharama inayoonekana. Ama ada inayopanda kwa sababu tu mkopo umekuwa mkubwa, hiyo inatakiwa kuulizwa sana.

Nchini kwetu Amana Bank, inayofuata sharia ya Kiislamu, ilianza kazi mwaka 2011, na baadhi ya benki za kawaida zina madirisha ya Kiislamu. Katika murabaha, benki hununua mali kisha humuuzia mteja kwa bei inayojulikana. Hata huko, ulizeni ada zote kabla ya kukubali.

5. NASAHA

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani (2:282) inaamrisha deni liandikwe, na mwenye kudaiwa ndiye aseme kinachoandikwa. Atasemaje asichokijua? Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha nazo zinataka mteja aelezwe ada kabla ya kutia saini. Basi muulizeni ofisa, kwa maandishi: "Ni shilingi ngapi hasa zitamfikia muuzaji, na lini?" Jibu lipatikane kabla ya kutoa arubuni.

Watoto wetu, mnaosoma hesabu shuleni na fiqh madrasa, someni karatasi hizo pamoja na wazazi wenu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mkopo ni 20,000,000, ada ni asilimia 2, mthamini ni 300,000. Zitatoka ngapi?
2. Taja watu waliotajwa katika Hadithi ya Jabir.
3. Eleza kwa nini butura haifai.

Mwenyezi Mungu aturuzuku makazi ya halali na atuepushe na madeni mazito. Amin.